Mfupa Ambao Haukuwepo

Kwa miaka ishirini na miwili niliosha vizimba na kushika mbwa katika kliniki ya wanyama kule Overport, mtaa mmoja wa jiji la ugenini nilikokimbilia. Nilipomaliza sekondari sikusoma tena. Lakini Wakongo wenzangu wa mtaa wetu, Cato Manor, walipoanza kuniona narudi nyumbani na koti la kijani, waliniita Dokta. Mara ya kwanza nilicheka nikakataa. Mara ya pili nilicheka tu. Mara ya tatu niliitika.

Nilipostaafu, wakaanza kuniletea wanyama wao. Kliniki waliogopa gharama na maswali ya karatasi za ukaazi. Kwangu kulikuwa na kiti na chai. Nilitoa kupe, nikasafisha vidonda, nikatoa dawa za minyoo. Mjukuu wangu, ambaye nimemlea tangu mama yake afariki, alinisaidia. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na katika barua ya kuomba chuo aliandika kwamba anafuata nyayo za babu yake, daktari wa wanyama. Alinisomea barua hiyo. Nikamwambia ameandika vizuri.

Jumamosi moja asubuhi akaja jirani yetu, mama anayesuka nywele mjini, amembeba mbwa wake ndani ya taulo.

"Dokta, imbwa yangu iko na mfupa kwenye koo. Tangu juzi haikule. Angalia mate."

"Si unamlisha mifupa ya kuku kila siku?"

"Eish, Dokta, sasa nimupatie nini? Chai na biskuti kama muzungu?"

Tukacheka. Taya la chini la mbwa lilikuwa limelegea, mate yakining'inia kama uzi. Hakubweka wala hakunguruma. Mjukuu wangu alimshika kinywa, mimi nikaingiza vidole hadi kooni. Sikugusa mfupa. Tulipokuwa tunamwachia, jino likamkwaruza mjukuu kwenye kidole gumba, mstari mwembamba wenye damu kidogo. Akajifuta kwenye sketi. Mimi, kwa kuwa Dokta hawezi kusema hajui, nikasema mfupa umeshuka tumboni, mbwa apewe uji mwepesi.

Jumatatu jirani akapita na habari kwamba mbwa amekufa. Siku ya mwisho miguu ya nyuma ilikuwa haisimami, na alikuwa anatafuna kizingiti cha mlango.

"Alichanjwa lini?" nikamuuliza.

"Chanjo gani, Dokta?"

Nikamwita mjukuu avae viatu. Daktari niliyefanya naye kazi aliwahi kunifokea mbele ya watu: mbwa mwenye taya lililolegea usimtie mkono kinywani, kwa maana kichaa cha mbwa kinaweza kuja kimya, bila kuuma mtu. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Na nilijua jambo jingine, kwamba dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna wa kumwokoa.

Tulipanda taxi kwenda hospitali. Kila ilipokwama kwenye robot, zile taa za barabarani, nilitaka kushuka nikimbie kwa miguu. Nimewahi kukimbia vita, lakini wakati ule hofu ilikuwa nyuma yangu. Siku hii hofu ilikuwa imekaa kando yangu, inaangalia simu, na kidole chake tayari kimeanza kupona.

Nesi aliuliza kama mbwa alionwa na daktari wa wanyama.

"Ndiyo," mjukuu akajibu. "Babu yangu huyu. Alisema ni mfupa."

Nesi akaweka kalamu chini. "Basi, kama daktari amethibitisha ni mfupa..."

Niliona wanataka kuturudisha nyumbani kwa sababu ya jina langu la uongo.

"Mimi si daktari," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nilikuwa naosha vizimba. Mfupa haukuwepo, niliubuni. Mbwa amekufa. Tafadhali mchomeni sindano huyu mtoto."

Mjukuu wangu alinitazama, kisha akatazama sakafu. Waliosha kidole chake kwa sabuni chini ya bomba kwa muda mrefu sana, wakamchoma sindano pale pale kwenye mkwaruzo, akang'ata kola ya shati lake asilie. Mimi pia nilichomwa, na baadaye jirani.

Daktari wa wanyama wa serikali alikuja akafukua mbwa na kuchukua kichwa kwenda maabara. Majibu yalikuwa yale niliyoyaogopa.

Kwa siku tatu mjukuu alichukua sahani yake akala chumbani. Siku ya nne alinieleza alichomuuliza yule daktari wa serikali. Daktari alimjibu kwamba kuna madaktari wanaotibu mbwa na paka mjini, wanaohudumia ng'ombe mashambani, wanaokagua nyama, na wanaokaa maabara. Asipopata nafasi ya udaktari, kuna kozi fupi ya wasaidizi wa afya ya wanyama. Nikamsihi achague maabara, penye glovu na vioo.

"Hapana, babu. Nataka kazi ya yule aliyefukua. Angepita hapa na chanjo mapema, tusingefika huko."

Sikuwa na haki ya kumbishia. Sindano zake zimekwisha, na madaktari wanasema yuko salama. Lakini ugonjwa ule humfanya mtu ashindwe kumeza maji, na kila asubuhi, anapoinua glasi, mimi huacha chai yangu nikatazama koo lake mpaka ameze.