Pumzi ya Muadhini

Watu wa Mohoro waliisikiliza adhana ili wajue wakati wa swala. Mimi niliisikiliza ili nijue hali ya kifua cha baba. Baba alikuwa muadhini na alikuwa na pumu. Asiyeelewa mambo hayo mawili yalikaaje ndani ya mtu mmoja, ajaribu siku moja kuita kwa sauti huku kajifunga kitambaa puani na mdomoni.

Nyumba yetu ilikuwa jirani na msikiti, na tangu utotoni nilizijua sehemu zote anazovuta pumzi. Akiwa mzima, neno moja alilivuta mpaka mama akamaliza kusuuza sufuria. Akiwa amebanwa, aliyakata maneno mafupi mafupi, na hapo popote nilipo nilisimama. Niliwahi kusimama katikati ya njia na ndoo ya maji kichwani, wenzangu wakanipita wakinicheka, mpaka nikamsikia amefika mwisho. Wenzangu waliogopa mamba wa mtoni. Mimi niliogopa kwamba siku moja sauti ya baba itakatika katikati na haitatoka tena. Sikumwambia mtu, maana nilidhani nikilisema litakuwa.

Nyumbani kila kitu kilizunguka kile kifua. Jiko lilihamia nje, upande ambao moshi hauji ndani. Godoro la sufi lilitolewa, baba akalala juu ya mkeka, na zikija siku mbaya hakulala kabisa, alikaa ameegemea ukuta, mabega juu, mikono magotini. Kupepeta mchele mama alikwenda uani kwa jirani. Kibatari kilizimwa mapema, ndiyo maana mpaka leo nakula gizani bila kumwaga mchuzi. Kwenye misiba na harusi baba alitengewa kikombe chake cha kahawa, kwa sababu watu waliamini pumu inaambukiza. Baba alikipokea kile kikombe akashukuru. Mama akirudi nyumbani alivunja kuni kwa hasira hata zisizohitaji kuvunjwa.

Zamani dawa zilikuwa za bure, ila hazikuwapo. Miaka ile biashara ilipofunguliwa zikaanza kuwapo, ila si za bure. Mjomba wangu wa Dar es Salaam aliona kipulizio cha pumu kwenye duka la dawa la mtu binafsi, akakinunua, akakipakia kwenye basi. Kikatufikia kimefungwa ndani ya soksi, kichupa cha bati ndani ya ganda la plastiki ya buluu. Daktari wa kituo cha afya akaja barazani kumfundisha baba: tikisa, toa pumzi yote, bonyeza huku unavuta ndani, kisha izuie pumzi kifuani. Baba aliyakubali yote, tena kwa heshima. Shida yake ilikuwa bismillahi. Alibonyeza kwanza, akaisoma bismillahi taratibu, ndipo akavuta, na dawa yote ilikuwa imeshaishia usoni.

"Baba watoto, ndevu hazina pumu," mama alimwambia.

Daktari alitufundisha na namna ya kujua dawa imebaki kiasi gani. Unakichomoa kile kichupa cha bati, unakitia kwenye beseni la maji. Kikizama, kimejaa. Kikielea wima, kimefika nusu. Kikilala ubavu juu ya maji, kimekwisha. Kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikitia majini nikakitazama, na siku nikikiona kimepanda juu kidogo kuliko jana, uji niliuacha. Sasa naishi Kibiti, nina pumu yangu mwenyewe na vipulizio viwili kwenye mkoba, na bado sipendi kuona kitu chochote kinaelea kwenye beseni.

Kisha kikaja kipaza sauti. Kijana mmoja mzaliwa wa pale mjini, aliyekwenda Dar es Salaam akafanikiwa kwa biashara ya nguo za mitumba, alileta zawadi kwa msikiti: kipaza sauti chenyewe, betri ya gari ya kukiendesha, na bomba la bati la kutolea sauti, la kuwekwa juu ya paa. Mji mzima ulifurahi. Mimi nilikichukia siku ya kwanza. Zamani baba aligeuza uso pembeni, akavuta pumzi yake kwa siri, akarudi kuita, na aliyekuwa mbali aliisikia sauti tu. Kipaza sauti kilichukua kila kitu. Ile filimbi ya kifuani, ambayo tulikuwa tukiijua sisi na mke wa jirani, sasa ilisikika mpaka mashambani. Watoto wa mtaani wakaanza mchezo wa kuadhini kwa kukoroma. Nilimng'ata mmoja mkononi, hakurudia.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kiangazi, wakati watu wanachoma majani mashambani wakisubiri mvua. Moshi ulilala juu ya mji tangu asubuhi. Na baba aliacha kutumia kipulizio mchana. Alikitumia wakati wa daku, halafu hakukigusa tena mpaka amefuturu, na akienda msikitini alikiacha nyumbani juu ya kabati ili kisimtie tamaa. Daktari alimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Shehe wetu, imamu wa msikiti, alimwambia hivyo hivyo, akamsomea na aya.

"Najua, shehe," baba alijibu. "Lakini mimi ndiye ninayewaita watu wafuturu. Nitawaitaje nami sikufunga?"

Na kweli, mji ule haukufuturu kwa saa wala kwa redio. Watu walikaa na tende mkononi, uji unapoa, wakisubiri sauti ya baba. Hata wenye saa nzuri walisubiri. Jambo hilo ndilo lililomfanya baba ajione mtu mbele ya watu wanaomtengea kikombe. Nililijua, na kwa kuwa nililijua niliogopa zaidi, maana niliona hataliachia hata kama litamuua.

Siku yenyewe, asubuhi, kile kichupa kililala ubavu juu ya maji. Nilikigeuza kwa kidole, kikarudi vilevile. Nilimwambia mama, mama akasema mjomba keshapewa habari, tusimwambie baba akaongeza mawazo. Adhana ya adhuhuri ilipita salama. Ya alasiri haikupita salama. Baba alisema maneno mawili, akanyamaza, na kutoka juu ya paa la msikiti ikaja ile filimbi, ndefu, nyembamba, kisha neno moja tena. Mama aliitua sufuria ya magimbi chini, hakuifunika. Tulisimama uani sote wawili, hatutazamani, mpaka mwisho.

"Chukua kipulizio," mama akasema. "Kaa naye. Jua likizama tu, mpe."

Nilikifunga kwenye ncha ya kanga nikakimbia. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa pembeni, karibu na birika la kutawadhia, mabega yamepanda mpaka masikioni. Shimo la chini ya koo lilikuwa likiingia ndani kila anapovuta hewa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo, baba."

"Mara... haba."

"Baba, puliza dawa. Tafadhali, baba."

Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye jua. Lilikuwa bado, limewiva kwa moshi, limekaa juu ya minazi kana kwamba halina kazi nyingine.

"Bado... mwanangu."

Nilikaa ngazi ya chini yake. Sijawahi kulichukia jua kama nilivyolichukia jioni ile. Nilikuwa nikivuta pumzi pamoja naye bila kujua, kila akivuta nami navuta, mpaka kichwa kikaniwanga. Wanaume walifika mmoja mmoja na tende zao, wakamtazama, wakapita wakiwa wamenyamaza. Mmoja alisema aadhini mtu mwingine leo. Baba alimtazama tu, na yule mtu akaingia ndani. Mimi nilishika kile kichupa ndani ya kanga nikijua hakina kitu, au kina kidogo sana, na nikimwomba Mungu kidogo hicho kiwe cha kutosha.

Shehe akatoka, akaangalia upande wa jua, akasema, "Limezama."

Baba alinyanyuka kwa kushika ukuta. Kipaza sauti kilikuwa ndani, karibu na dirisha, kwa hiyo mimi nilizunguka nje nikasimama dirishani. Alikiwasha. Akaweka mikono masikioni, akafungua kinywa, na hakukutoka neno. Ilitoka pumzi tu. Kutoka juu ya paa, kwa sauti kubwa, mji mzima ukasikia mtu anatafuta hewa. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Nikajua ndiyo siku yenyewe imefika, ile niliyoiogopa tangu nina akili.

Nikapitisha mkono kati ya nondo za dirisha, nikamshika kanzu, nikamwekea kipulizio kiganjani. Hakuwa na nguvu hata ya kukitikisa, nilikuwa nimeshamtikisia. Akakiweka mdomoni hapo hapo mbele ya kipaza sauti, akabonyeza.

Psss.

Ule mlio ulitoka juu ya paa ukaenda mpaka mtoni. Kisha kimya. Baba alikuwa ameizuia pumzi, kama alivyofundishwa, bila bismillahi ya katikati. Daktari, aliyekuwa mkekani kwake na tende mkononi, alisema baadaye kuwa ndiyo mara ya kwanza muadhini kuitumia dawa sawasawa, na yeye alisikia akiwa nyumbani. Lakini mimi dirishani sikujua kama amezuia pumzi au pumzi yenyewe imekwisha. Nilimshika kanzu kwa mikono miwili. Alipoiachia, alibonyeza tena, na safari hii hakukutoka kitu. Kichupa kilikuwa kimekwisha kabisa.

Akaadhini kwa pumzi aliyoipata. Aliivunja adhana vipande vipande, shehe amemwekea kiganja mgongoni, na akaifikisha mwisho. Kisha akakaa chini palepale, tende haijaguswa. Wanaume wale wale waliopita kimya walimweka kwenye kiti, wakambeba na kiti chake mpaka kituo cha afya.

Daktari alimpiga sindano ya mshipa na kukaa naye mpaka midomo ikarudi rangi yake. Kipulizio kingine hapakuwa nacho. Akampa vidonge, akasema vimezwe asubuhi, mchana na jioni, na neno mchana akalisema mara mbili akimtazama machoni.

Kesho yake adhuhuri mama aliweka mbele yake kikombe cha maji na kidonge juu ya kisahani. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa akimtazama. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua kwamba akikisukuma kile kikombe, jioni hatuna cha kumpa kupitia dirishani.

"Nitawaitaje watu," baba alianza.

"Waite ukiwa hai," mama akasema.

Baba alitazama nje, upande wa msikiti. Kisha akachukua kidonge, na kwa kuwa dawa zile zilimtetemesha mikono, maji mengine yalimwagikia kifuani. Akameza. Sikuwa nimewahi kumwona baba akinywa maji mchana wa Ramadhani. Alijifuta mdomo kwa mkono wa shati, halafu akajifuta na macho, akatoka kwenda kutawadha. Nilidhani hofu itaniisha. Ikabadilika tu, sasa nikawaogopa watu.

Magharibi alikwenda msikitini kama siku zote. Mimi na mama tulikaa uani, tende mkononi. Sauti ikatoka. Ilikuwa ndefu, imenyooka, haina filimbi hata kidogo, neno moja alilivuta nikakumbuka nilipokuwa mdogo. Na hapo ndipo niliposhikwa na woga. Kifua kama kile, siku moja baada ya jana, hakiwezi kufunguka hivyo kwa mtu aliyefunga. Kipaza sauti kilikuwa kimewaambia watu wote. Tende ilikuwa mkononi na sikuweza kuitia mdomoni.

Nyuma ya ua wa makuti alikaa mke wa jirani, yule ambaye uani kwake mama alipepeta mchele, na ndiye mwenye kabati lililowekwa kile kikombe cha baba cha peke yake. Nilimsikia akitua bakuli. Nikasubiri acheke, au aseme neno.

"Alhamdulillahi," akawaambia watu wake. "Leo kapumua."

Kisha nikamsikia akinywa uji. Nami nikaitia tende mdomoni.