Kilio Ndani ya Slow

Vijana wa Kasapa, kwenye chuo kikuu, walipoamua kutengeneza singo yao, chuo kilikuwa kimefungwa, mgodi ulikuwa unakufa, na wanajeshi pamoja na watu wa mitaani walikuwa wamekwisha kubeba kila kilichobebeka mjini, hadi vioo vya madirisha ya ukumbi wa parokia yetu. Wao waliona huo ni wakati mzuri wa kuimba huzuni. Slow ya rock, walisema: wimbo unaoanza taratibu kama mtu anayetafuta ndara zake gizani, halafu ngoma zinaingia, gitaa linapiga yowe, na wote wanafumba macho kama wenye jino bovu.

Huzuni yenyewe ilikuwa ya msichana aliyepanda ndege kwenda Ulaya. Mwimbaji, mtoto wa mkubwa mmoja wa ofisi za mgodi, alivaa koti la ngozi jua likiwa utosini, na jasho likimtoka alidhani ni sanaa.

Mimi niliuza makala, yaani mkaa, mbele ya ukumbi ule. Niliacha shule baba alipokufa, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza na wadogo zangu walitaka kula. Baba tulimlilia vizuri: mikeka, moto uani, jamaa zake wakaja kutoka kaskazini. Mama alikufa wakati wa uporaji. Tulimzika mbio, wachimba kaburi wakitazama nyuma, na hakuna aliyethubutu kuja kukaa nasi. Kwetu, maiti asiyekaliwa kilio hajaenda wala hajabaki. Nilijiapiza kumwekea mama kilio chake, nikawa nangoja nipate unga na kuni.

Mdogo wangu wa kike anayenifuata anajua kuimba kilio. Mwimbaji alimsikia kwenye msiba wa jirani, akaja hadi kwangu. Alitaka sauti ile mwishoni mwa slow yao.

“Yaya, ni chant tu, wimbo tu,” aliniambia, akiniita dada mkubwa kana kwamba tulizaliwa pamoja. “Huzuni iko moja kwa bantu bote.”

“Yako iko wapi?”

Akacheka. Alidhani ni utani.

Lakini mdogo wangu alitaka. “Yaya, acha niende. Mama hajaimbiwa. Aimbiwe hata mu radio yao.” Nikafunika makala yangu. Nikaenda naye ukumbini, walikofanyia wimbo wao.

Walikuwa na kinasa sauti kimoja juu ya kiti, kwa hiyo wote walipiga pamoja, na mmoja akikosea walianza upya. Mpiga gitaa alikosea mara nyingi, nadhani kwa sababu alipenda kujisikiliza. Mwishowe zamu ya mdogo wangu ikafika.

“Sasa wewe, petite. Ulie ya kweli,” mwimbaji akamwambia. “Kama vile maiti iko mu nyumba.”

Naye akafanya hivyo. Kuna mwito wa kufungulia kilio ambao hauitwi bure. Anayeusikia huweka chini alichoshika na kuja. Mwimbaji alizaliwa mji huu huu. Aliujua, ila aliona ni mambo ya kijijini.

Sauti ikatoka nje kupitia madirisha yasiyo na vioo. Wakaja kwanza wanawake waliokuwa kwenye bomba la maji. Mlangoni wakavua vitambaa vya kichwa, wakakaa chini, wakaitikia. Wanaume wakafuata na kuni.

“Ni nani njo alikufa?” mama mmoja mzee akauliza.

“Munyamaze, ba mama,” mwimbaji akasema. “Tuko nanasa sauti, enregistrement. Hakuna muntu alikufa.”

“Hakuna muntu? Sasa huyu mutoto iko nalilia gitaa yako?”

Mwingine akamgeukia mpiga ngoma, aliyekuwa kwenye kigoda chake. “Na wewe, shuka pale juu. Kwa kilio bantu banakaa chini.” Akashuka.

Macho yote yalikuwa kwa mdogo wangu. Anayeita kilio bila maiti hujiitia kifo, na wanawake wale hawakuwa wa kuchezewa. Akanitazama. Unga sikuwa nao. Nikavua kitambaa changu, nikakaa sakafuni.

“Ni mama yetu,” nikasema. “Alikufa wakati ya pillage. Hakuliliwa.”

“Na wewe ulingoja nini?” mama mzee akauliza.

“Unga, mama.”

“Unga.” Akanitazama kama nilivyokuwa namtazama mwimbaji. “Muji muzima iko na njaa, wewe unangoja unga.”

Kisha akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, na mdogo wangu akaupokea. Mwimbaji aliniinamia akauliza itachukua muda gani, maana umeme ungekatika. Ukakatika. Hakuna aliyegeuka isipokuwa yeye.

Singo yao ilitoka bila sisi. Mwishoni mwimbaji analia mwenyewe, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Radio iliipiga sana, na wasichana wa Kasapa waliisikiliza wamefumba macho.

Kilio kilipokwisha, wanawake walitupeleka mtoni kuoga, kama ipasavyo. Njiani mdogo wangu akaniambia ana njaa. Tangu mama afe, hakuwa amelitamka neno hilo.