Punda Aliyepakiwa Amelala

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Juzi mjukuu wangu Neema alizima programu, nyingi za michezo ya mdogo wake Juma, zilizokuwa zinafunguka zenyewe kila akiwasha kompyuta yake ya mtumba. Ikawaka upesi, nami nikamkumbuka punda wetu mzee kule kijijini Kintinku, nilipokuwa mtoto.

Baba alishasema akigoma tena atauzwa. Mchana mmoja kisimani, kwa kuwa sikuufikia mgongo wake, nilimpakia madumu ya maji angali amelala. Akahema tu, ananuka jasho na vumbi. Nikamchapa huku nalia, nikidhani ni uvivu.

Mama akaninyang'anya fimbo. "We mtoto! Wewe ungeamka na mzigo wote huo?"

Akashusha madumu. Punda akasimama palepale, nikamkumbatia shingo.

Basi juzi, nikiona kompyuta nayo ilikuwa inapakiwa kabla haijaamka, nikaamuru: "Juma, toa michezo yako yote kwenye kompyuta ya dada yako, leo hii."