Mwalimu Bartholomeo na Neno la Ofisini

Kule kwetu, nje kidogo ya Nyololo, Mwalimu Bartholomeo alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa contravene. Maana yake ni kukiuka, kwenda kinyume na sheria. Ila alituonya tusilitumie ovyo. "Mtoto akiiba mahindi, ameiba," alisema. "Hili ni neno la ofisini. Utalikuta kwenye hati ya mashtaka na kwenye barua ya kumfukuza mtu kazi. Halina hasira wala machozi." Tulicheka, tukalikariri, tukafaulu mtihani.

Septemba iliyopita alichoma shamba lake bila kibali cha kijiji na bila kuwaambia majirani. Mzee mzima, tena msomi! Upepo ukauchukua moto hadi kwenye msitu wa paina. Tulikimbia na matawi mabichi kuuzima, na Anord, jirani yake, akatangulia mbele kama kawaida yake. Hakutoka.

Kesho yake, Anord akiwa bado hajazikwa, uliitishwa mkutano wa kijiji. Mwalimu alisimama amevaa koti. "I contravened the by-law," akasema, kisha akatufasiria: amekiuka sheria ndogo ya moto, yuko tayari kwa adhabu. Mwenyekiti akaitikia kwa heshima. Mimi nilitamani kumtupia kiatu.

Kutoka hapo akaenda msibani, nasi tukamfuata. Lea, mjane wa Anord, ambaye naye alifundishwa na Mwalimu, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Mzee akasimama mlangoni. Adhabu ya kijiji hakuiogopa. Alichoogopa ni Lea kumkataa.

"Kamwene, mwanangu," akamsalimu kwa lugha ya kwetu. "Pole sana. Nimekiri mbele ya kijiji kwamba nilikiuka sheria."

"Nimeambiwa," Lea akasema. "Hilo la ofisini, Mwalimu. Mume wangu hakufia ofisini. Niambie mimi, kwa maneno ya nyumbani, umefanya nini."

Mzee akavua koti lake. Nilimwonea huruma, nikajichukia kwa huruma hiyo.

"Nimemuua Anord," akasema mwishowe.

Wanawake wakaangua kilio upya. Lea peke yake hakulia.

"Asante kwa kusema," akamwambia. "Sasa toka kwangu, na kesho makaburini usije."