Kondoo aliyepotea wa darasa la tatu

Leo Sista Mkuu amenikuta nafundisha madawati.

Ilikuwa hivi. Kipindi cha dini, darasa la tatu, tunaigiza ule mfano wa kondoo aliyepotea. Baraka ndiye kondoo, kajificha nyuma ya tangi la maji. Neema ndiye mchungaji. Waliobaki wote ni kundi.

Nikasema, "Haya mchungaji, waache hapa, nenda kamtafute aliyepotea."

Neema hakusogea. Huyu kila likizo anachunga mbuzi wa babu yake kule Mlali.

"Niwaache na nani, Mwalimu?"

"Waache tu. Ndivyo Yesu alivyofundisha."

"Na fisi je?"

(Ninyi mna jibu?)

Akachukua rula yangu ya ubaoni, akapiga mluzi, akalitoa kundi zima nje. Wakapita mbele ya ofisi wakilia mee, mmoja anatafuna maua ya Sista kabisa.

Dakika haikupita, Sista huyo mlangoni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

"Wamekwenda kumtafuta kondoo aliyepotea."

Akatazama madawati. Akanitazama mimi.

"Mbona wamemwacha hapa?"