Koti Jekundu Kwenye Ukungu

Mie mtu wa Segerea, ukungu nauonaga kwenye picha tu. Juzi, siku ya tatu ya safari yetu ya pikipiki huko milima ya Usambara, ukungu ulishuka mzito, nikampoteza rafiki yangu Beka. Mara nikaona koti lake jekundu mbele. Nikapiga honi, akaongeza mwendo. Nikajua anataka mashindano! Nikamkimbiza kona kwa kona, namzomea, mpaka akakata ghafla, akaingia uwanja wa shule na kusimama. Nikaruka, nikamkumbatia kwa nyuma.

"Nimekukamata, mshenzi wewe!"

Akavua helmeti. Nywele zote mvi. Wanafunzi waliokuwa mstarini wakamtazama mwalimu mkuu wao mikononi mwangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Sasa niachie kiuno."