Mashine ya Vinasaba Yapanda Timau

Mke wangu Muthoni alikohoa mwezi mzima kabla ya kukubali kupimwa, na baada ya kupimwa tulingoja jibu siku kumi na moja. Makohozi yake yalipelekwa hospitali kubwa, yakakuta mashine ya kupima vinasaba imekufa, yakapelekwa kwingine. Lilipokuja jibu, ni kifua kikuu. Alipona, Mungu asifiwe, lakini zile siku kumi na moja tulilala na watoto chumba kimoja tukipumua hewa moja, na hasira ya jambo hilo sijaimaliza hadi leo.

Mimi ni fundi wa friji hapa Majengo, Nyeri. Niliuliza ni nini kilichoiua mashine ile. Nikaambiwa ni joto la chumba na stima kupotea kila mara, na kwamba mtu wa kuirekebisha hutoka ng'ambo. Nikauliza tena hufanya kazi gani hasa. Hupasha joto na kupoza, nikajibiwa. Nilicheka. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha tangu nioe.

Basi tukaunda ya kwetu, mimi na Nyawira, binti ya dada yangu, ambaye ni mtaalamu wa maabara. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Unachukua tone lenye vinasaba, unalichanganya na dawa ya kupimia, unalipasha hadi nyuzi tisini na tano ili zile kamba mbili za vinasaba ziachane, kisha unalipoza ili kila kamba ijitengenezee mwenzake. Unarudia mara arobaini. Kama kijidudu kilikuwemo, tone linang'aa, na kama hakikuwemo, linabaki giza. Tuliondoa kila kitu kilichodai chumba cha baridi na stima ya uhakika. Tukaweka feni za kompyuta kuukuu, kipande cha alumini nilichokitoboa mwenyewe, na betri ya gari. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mwishowe zahanati moja ya Timau, juu mlimani, ikakubali kuijaribu, na ndiyo sababu ya safari hii.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliondoka Majengo kwa pikapu ya kuazima, Nyawira kwenye usukani, mashine ikiwa juu ya mapaja yangu imefunikwa blanketi. Kule nyuma sikuthubutu kuiweka.

Tulipofika Chaka tulisimama kunywa chai. Mama aliyetuuzia aliinua ncha ya blanketi, akaona vile vitundu kwenye alumini.

"Hii ni ya kutotoa vifaranga?"

"Hapana, mama. Ni ya kupima ugonjwa kwa DNA."

"Ati DNA?" Aliitazama tena kwa huruma. "Sawa. Lakini mayai ingetoshea poa."

Nyawira alicheka hadi Naro Moru. Mimi sikucheka, ingawa sasa nakiri alikuwa na haki ya kuuliza.

Karibu saa tatu tulipita Nanyuki. Mlima ulikuwa umejitokeza wote, na barabara ikaanza kupanda tena kati ya mashamba ya ngano na vibanda vya nailoni vya maua. Masikio yakaziba. Nilihisi baridi ya aina nyingine, kavu kuliko ya kwetu.

Saa nne kasoro tulifika zahanati. Msimamizi wa maabara, Madam Kawira, ni mama mfupi asiyependa maneno mengi. Alituonyesha meza, kisha akaweka mbele yetu vichupa kumi vya vinasaba vilivyokwisha kutayarishwa, vyote vimepimwa hospitali kubwa. Majibu alikuwa nayo kwenye bahasha iliyofungwa.

"Fundi, nikuambie mapema," akasema. "Ikipata zote kumi, inabaki hapa. Ikikosa hata moja, mnarudi nayo. Siwezi danganya mgonjwa."

Nilimwambia hiyo ni haki. Nikafanya kama nilivyozoea kila asubuhi: nikachemsha maji kwenye birika, nikachovya kipimajoto cha mashine, yalipotokota nikabonyeza kitufe cha kuiambia hii ndiyo mia moja. Tukachota tone kutoka kila kichupa, tukayapanga kwa mirija kwenye vile vitundu vya alumini, tukawasha. Ilichukua saa moja na nusu. Nilipofungua, matone yote kumi yalikuwa giza.

Kawira hakufungua hata bahasha.

"Mashine yako imesema hakuna mgonjwa hapo," akasema polepole. "Mimi najua wako."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni. Nyawira alikagua dawa, akakagua waya, akakagua betri. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilimwambia tufunge tuondoke.

"Anko, kwanza tukule," akanijibu. "Ukiwa na njaa unakuwanga mbaya."

Langoni kuna kibanda cha Mama Mwenda, anayewapikia wafanyakazi wa zahanati. Aliniletea githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kwa jinsi nilivyokuwa nimekasirika, nikaitupia lawama githeri. Maharagwe yalikuwa magumu, nikamwambia hivyo.

Hakukasirika. "Imekuwa kwa moto tangu asubuhi," akasema. "Hapa kwetu maji inachemka mbio, lakini haiko na moto. Dadangu ako Isiolo huko chini. Tukiweka maharagwe saa moja, yake imeiva, yangu bado inaruka kwa sufuria."

Nilibaki na kijiko mkononi. Kisha nikamtazama Nyawira, naye alikuwa ameshanitazama.

Shuleni tulikaririshwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja. Tuliandika hivyo kwenye mtihani, tukapewa vema. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba hiyo mia moja ni ya pwani, na kwamba ukipanda hupungua. Nyawira alipiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia chapati: Timau, kama tisini na mbili. Nilikuwa nimeidanganya mashine, nayo ikaamini. Ilipodhani imefika tisini na tano, ilikuwa haijafika hata tisini, na zile kamba hazikuachana. Hata Majengo ilikuwa ikiponea chupuchupu tu. Nimezaliwa mlimani, nimekula githeri maisha yangu yote, na bado niliamini kitabu kuliko sufuria ya mama yangu.

"Mama Mwenda," nikasema, "naomba mafuta ya kupikia. Kikombe kimoja."

Mafuta hayachemki mapema kama maji. Kawira alitoa kabatini kipimajoto cha kioo kilichothibitishwa, anachotumia kukagulia vyombo vyake, akanikabidhi. Tulivichovya vipimajoto viwili kwenye mafuta ya moto, cha kwake na cha mashine, tukavisoma pamoja, nikarekebisha cha mashine hadi vikakubaliana. Nilimweleza Kawira kosa lilikuwa langu, si la mashine. Alikubali tujaribu mara moja zaidi, kwa matone mapya kutoka vichupa vilevile.

Saa tisa na nusu alasiri nilifungua kifuniko. Tone la pili, la tano, la sita na la tisa yalikuwa yanang'aa kijani. Kawira akapasua bahasha, akasoma, akasoma tena.

"Mbili, tano, sita, tisa," akasema. "Iache hapa, Fundi."

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Sitaficha: nililia.

Tulirudi kesho yake mapaja yangu yakiwa mepesi. Nilichojifunza ni kwamba chombo cha kwetu kipimwe kwa hewa ya kwetu, na kwamba fundi anayekataa kumsikiliza mpishi ana kazi nyingi za kurudia. Nimefuta hatua ya birika kwenye maelezo ya mashine. Nimeandika: mafuta.

Siku nne baadaye Kawira alipiga simu. Hakunitajia jina la mtu. Mzee mmoja alikuja asubuhi akikohoa, na jibu likatoka kabla hajainuka kwenye benchi. Sampuli nyingine imetumwa hospitali kubwa kuthibitisha, kama sheria inavyotaka, lakini dawa ameanza siku hiyo hiyo.

"Ameuliza nani ametengeneza hii kitu," Kawira akasema. "Nikamwambia ni fundi wa friji wa Nyeri. Anasema asante. Na anauliza kama unaweza kuangalia friji yake, imekataa kugandisha."

Nikamwambia amjulishe nakuja Jumamosi.